Unguja, Pemba au Mzunguko wa Tanga: Ulinganisho wa Safari Tatu za Baharini

Kutoka Dar es Salaam hadi Unguja ni mwendo wa saa mbili hivi kwa boti ya kasi. Unguja hadi Pemba ni usiku mmoja kwa meli ya magari, au asubuhi moja kwa boti. Pemba hadi Tanga ni nusu siku, na kutoka Tanga kuna basi la kurudi Dar. Ukiviunga vipande hivi unapata safari tatu: kwenda Unguja na kurudi, kupitia Unguja hadi Pemba na kurudi kwa njia ileile, au kuzunguka kutoka Dar kwenda Unguja, Pemba na Tanga, kisha kumalizia kwa barabara.

Wengi huchagua kwa kutazama nauli. Nauli ni kipimo dhaifu, maana malazi, gari la kukodi na siku inayopotea kwa kukosa chombo hugharimu zaidi yake. Swali la kwanza liwe hili: utapata saa ngapi za mchana ukiwa nchi kavu?

## Vipimo

Saa za nchi kavu. Hesabu saa, usihesabu siku. Ondoa saa moja ya kuripoti bandarini, ondoa muda wa majini, ondoa nusu saa ya kushuka, kuchukua mizigo na kupita ukaguzi. Jua la mwambao huzama kati ya saa kumi na mbili na saa moja jioni mwaka mzima, kwa hiyo huwezi kutegemea jioni ndefu. Kinachobaki ndicho unachokwenda kukitumia.

Upepo. Kaskazi, upepo wa kutoka kaskazini, huvuma kuanzia Desemba hadi Machi, na kusi, wa kutoka kusini, kuanzia Aprili au Mei hadi Septemba, na ukali wa kusi huwa Juni hadi Agosti. Katikati ya pepo hizo bahari hutulia. Oktoba na Novemba ni wakati mzuri, na vilevile mwisho wa Februari kuelekea Machi, kabla masika hayajashika. Kuna jambo ambalo wasafiri wengi hawalizingatii: mkondo wa bahari hapa huelekea kaskazini mwaka mzima. Kusi ikivuma, upepo na mkondo huenda pamoja, na mawimbi huwa makubwa lakini marefu. Kaskazi ikivuma kwa nguvu hukinzana na mkondo, na mawimbi huwa mafupi, yamesimama, yanagonga chombo mfululizo. Ndiyo maana mtu anaweza kutapika Januari siku ya jua kali na anga safi.

Maji kupwa na kujaa. Siku za bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, tofauti ya maji hufika kama mita nne. Siku za maji mafu, mwezi ukiwa nusu, tofauti hiyo ni ndogo sana. Hili halibadilishi saa za boti kubwa, ila linaamua kama utaogelea au utatembea nusu kilomita kwenye matope na mwani kabla ya kuyafikia maji.

Umbali kutoka gatini hadi kwenye vivutio. Kuna bandari ambayo ukitoka getini tu uko kwenye cha kuona, na kuna bandari ambayo ukitoka getini bado una kilomita 30.

Uhakika wa ratiba. Njia yenye safari kadhaa kwa siku inasamehe kosa. Yenye safari moja au mbili kwa wiki haisamehi.

Pesa, na humo tunaingiza malazi na usafiri wa nchi kavu.

Usalama hatuuweki katika mizani, kwa sababu haupimwi dhidi ya bei. MV Spice Islander I ilizama usiku wa kuamkia Septemba 10, 2011 karibu na Nungwi, kaskazini ya Unguja, ikielekea Pemba, imejaza kupita kiasi. MV Skagit ikapinduka Julai 18, 2012 karibu na kisiwa cha Chumbe katika hali mbaya ya bahari, katikati ya kusi. Mamia ya watu walipotea, na hakuna familia ya Unguja wala Pemba isiyomjua aliyeguswa. Kwa safari yoyote kati ya hizi tatu, panda chombo ambacho tiketi yake ina jina lako, kwa kuwa orodha ya abiria hutokana na tiketi. Ukiingia, tazama maboya ya kuvaa yako wapi na mlango wa dharura uko upande gani. Ukiona watu wamekaa kwenye njia na ngazi kwa kukosa viti, shuka. Mashua na majahazi ya mizigo yanayovuka kati ya bara na visiwani usiyapande hata ukiambiwa ni rahisi. Hayana vifaa vya kubebea abiria, na mgeni wa nje haruhusiwi kuvuka nayo.

## Safari ya kwanza: Dar hadi Unguja na kurudi

Chombo na muda. Boti za kasi za Azam Marine na Zan Fast Ferries huondoka kwenye gati la abiria mjini Dar, mkabala na Kanisa la Mtakatifu Yosefu, na kufika Malindi, Unguja. Umbali ni kama kilomita 70. Kuna safari kadhaa kwa siku, ya kwanza karibu saa moja asubuhi na za mwisho alasiri. Ukitoka Kimara kwa Mwendokasi, shuka Kivukoni na utembee kidogo kwa miguu. Usije na gari kama huna wa kulirudisha.

Nunua tiketi ofisini kwa kampuni au kwenye tovuti yake. Nje ya geti kuna wapiga debe wanaosema ofisi imefungwa, boti imejaa, au wao ni mawakala. Wengine huuza tiketi ya daraja la kawaida kwa bei ya VIP, wengine huuza karatasi isiyo na kazi. Mwenye haki ya kukuuzia ana dirisha na stakabadhi.

Bahari. Boti hizi zina matumbo mawili, kwa hiyo hazilali sana ubavuni, lakini huruka na kugonga. Kaa chini, katikati kuelekea tezi, yaani nyuma. Viti vya mbele, omo, vina mandhari nzuri na ndivyo vinavyopanda na kushuka kuliko vyote. Nusu ya kwanza kutoka Dar ndiyo ngumu, kwa sababu iko wazi kwa bahari kuu. Ukishapita usawa wa ncha ya kusini ya Unguja, kisiwa kinakinga mawimbi ya mashariki.

Wakati wa kusi, kwenda Unguja upepo unakusukuma kutoka nyuma, na kurudi Dar unaupiga usoni. Julai, basi, aliyekwenda vizuri asidhani atarudi vizuri. Wakati wa kaskazi mambo hugeuka: kwenda ndiko kugumu. Misimu yote miwili, upepo wa baharini huongezeka kuanzia adhuhuri, hivyo boti ya asubuhi hupata maji mazuri zaidi kuliko ya alasiri.

Anayeugua bahari ameze dawa kabla ya kupanda. Cinnarizine humezwa saa moja au mbili kabla. Promethazine inafanya kazi vizuri lakini inaleta usingizi mzito, na mwenye kuendesha gari akishuka asiitumie. Wajawazito na watoto wamuulize mfamasia. Kula kitu kikavu kidogo, maana tumbo tupu halisaidii, na chapati za mafuta na supu ya asubuhi hazisaidii pia. Beba kanga au sweta, kwani kiyoyozi ndani ni kikali na baridi huongeza kichefuchefu.

Gatini na baada ya kushuka. Mtanzania abebe kitambulisho cha taifa, cha mpiga kura, leseni au pasipoti. Mgeni kutoka nje ya Tanzania aje na pasipoti na bima ya Shirika la Bima Zanzibar, ambayo tangu Oktoba 1, 2024 ni dola 44 kwa mtu mzima na hukatwa mtandaoni kabla ya safari. Anayetoka nchi zenye homa ya manjano, Kenya, Uganda na Congo zikiwemo, aweke kadi ya chanjo karibu. Malindi utapokewa na hamali na papasi, yaani madalali wa watalii. Hamali anafanya kazi halali ya kubeba mizigo, mpatane bei kabla hajaugusa mkoba. Papasi ukimkatalia mara moja kwa upole na kuendelea kutembea, atakuacha.

Uzuri wa bandari hii ni kwamba umeshafika. Getini hadi Jengo la Zahanati ya Kale ni dakika mbili au tatu kwa miguu, na hadi Forodhani ni kama dakika kumi.

Cha kuona. Mji Mkongwe uliingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 2000, na hauhitaji gari. Njia inayokwenda vizuri huanza Malindi, ikapita Forodhani na Ngome Kongwe, waliyoijenga Waomani baada ya kuwatoa Wareno mwaka 1698, ikaingia vichochoroni kutazama milango ya Kihindi na ya Kiarabu, ikatokea Mkunazini penye Kanisa la Kianglikana lililojengwa juu ya soko la watumwa lililofungwa mwaka 1873, kisha sokoni Darajani. Ipe Mkunazini saa nzima. Vyumba vya chini na maonyesho yake havifai kupitiwa mbiombio, na mtu akitoka humo huona mji kwa jicho jingine. Beit al-Ajaib, iliyojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, sehemu yake iliporomoka Desemba 25, 2020. Panga kuitazama kwa nje.

Kwa siku moja tu, hesabu ni hii. Boti ya saa moja asubuhi inakutoa getini Malindi karibu saa tatu na nusu. Boti ya kurudi ya alasiri inakutaka bandarini kwenye saa tisa. Una chini ya saa sita. Mji Mkongwe na chakula cha mchana vinaenea. Mji kidogo na kisiwa cha Changuu kutazama makobe vinaenea kwa shida, kwani kisiwa hicho peke yake kinakula saa mbili unusu au tatu pamoja na mashua. Nungwi haiingii: ni kama kilomita 60, na daladala namba 116 huchukua hadi saa mbili kwenda tu.

Ukilala usiku mmoja au miwili, unaongeza mashamba ya viungo ya Kizimbani, mahamamu ya Kidichi ya mwaka 1850, au msitu wa Jozani wenye kima punju. Jozani ni kama kilomita 35, na daladala za 309, 310 na 324 hupita hapohapo. Na hapa ndipo bamvua inapoingia. Siku za bamvua maji hutoka kabisa karibu saa nne au saa tano asubuhi na kujaa alasiri. Paje, Jambiani na Bwejuu hubaki mchanga mtupu asubuhi yote, na kuogelea ni baada ya saa nane. Nungwi na Kendwa zina kina karibu na ufuko, hivyo haziathiriki sana. Kwa anayetaka fungu la mchanga la Nakupenda mambo ni kinyume: bamvua ya asubuhi ndiyo siku yake, maana fungu huonekana maji yakipwa na kufunikwa yakijaa.

Pesa. Asiye mkaazi hulipa kwa dola, na daraja la kawaida kwa miaka ya karibuni limekuwa dola 35 kwa njia moja. Mkaazi hulipa kwa shilingi, chini ya hapo kwa mbali, akionyesha kitambulisho au kibali. Kwa VIP hununui mwendo wa haraka, unanunua nafasi na utulivu. Kwa saa mbili za maji mazuri si lazima, kwa mama mwenye mtoto mchanga mwezi wa Julai ina maana. Kinachokula pesa hapa ni malazi ya Mji Mkongwe na ufukweni, hasa Julai, Agosti na mwisho wa Desemba.

Inamfaa mwenye siku moja hadi nne, anayesafiri na wazee au watoto, au asiye na nafasi ya kuchelewa kurudi kazini. Hasara yake ni wingi wa watu. Vichochoro vya Shangani adhuhuri ya Agosti vimejaa vikundi vinavyofuata bendera ya kiongozi. Amka alfajiri, mji ni wako hadi saa mbili unusu.

## Safari ya pili: hadi Pemba na kurudi

Chombo na muda. Kutoka Unguja kuna vyombo vya aina mbili. Boti ya kasi huenda siku kadhaa za wiki, kwa kawaida asubuhi. Meli ya magari na mizigo, Azam Sealink, husafiri usiku na kukufikisha Mkoani alfajiri au asubuhi. Njia ya maji ni karibu kilomita 100.

Meli ya usiku inaokoa gharama ya chumba na inakupa mchana mzima Pemba, ila mchana huo utauanza na usingizi. Ukiipanda, fika mapema upate nafasi ya kulala, beba shuka au mkeka mwepesi, maji, na kitu cha kuzibia masikio. Kaa mbali na milango ya chini inakopakiwa mizigo, kuna moshi wa malori. Mwenye gari lake anaweza kwenda nalo, na Pemba gari ni faida kubwa.

Bahari. Kilomita 50 au 60 za mwanzo meli hupita kando ya pwani ya magharibi ya Unguja, imekingwa. Ikishaacha Ras Nungwi inaingia uwazi kati ya visiwa viwili, na mawimbi ya bahari kuu hupita hapo bila kizuizi. Mkondo wa Nungwi una nguvu. Kwa kusi meli huyumba ubavu hadi ubavu, na hapo hata mzoefu hutafuta mahali pa kulala. Kipande hicho hudumu hadi Pemba ianze kukinga. Mwenye kuugua ameze dawa kwa kuhesabu saa ya kufika Nungwi, asihesabu saa ya kuondoka peke yake. Nahodha akiahirisha safari kwa sababu ya upepo, mshukuru na ubadilishe mipango.

Gatini na baada ya kushuka. Mkoani ni mji mdogo. Vivutio havipo gatini. Daladala za 603 husubiri meli na kwenda Chake Chake, kama kilomita 30. Kutoka Chake, 606 huenda Wete, nayo kama kilomita 30, na 602 huenda Konde. Daladala hupungua sana jioni, kwa hiyo anayekwenda kaskazini apange kurudi kabla ya alasiri kuisha, au akodi gari au bodaboda kwa siku nzima.

Chukua pesa taslimu za kutosha kutoka Unguja. Mashine za benki ni chache na ziko mijini. Wakati wa Ramadhani sehemu za kula mchana ni chache Unguja, na Pemba karibu hazipo. Nunua chakula jioni na ule faragha, kwa heshima ya waliofunga.

Cha kuona. Pemba humlipa mwenye subira. Chake kuna makumbusho ndani ya ngome ya kale. Pujini, kusini mashariki ya Chake, kuna magofu ya ngome ya Mkama Ndume ya karne ya 15, na watu wa jirani watakusimulia ukali wake kana kwamba ametawala jana. Msitu wa Ngezi uko kaskazini kabisa, na ukiuvuka unafika ufuko wa Vumawimbi, mrefu na mara nyingi hauna mtu. Popo wa Pemba, mkubwa kama kuku mwenye mbawa, hapatikani penginepo duniani, na Kidike ni mahali rahisi pa kumwona akining'inia mchana. Kwa bahari, kisiwa cha Misali hufikiwa kwa mashua kutoka Wesha. Lete maji na chakula, hakuna duka.

Msimu wa karafuu, kuanzia kama Julai hadi Januari, ndio Pemba yenyewe. Kandokando ya barabara mikeka imeanikwa, wekundu wa karafuu mbichi unageuka kahawia kadiri zinavyokauka, na harufu inaingia hadi kwenye daladala. Omba ruhusa kabla ya kupiga picha au kukanyaga karibu na mkeka. Hiyo ni fedha ya ada na ya kuezekea nyumba.

Panga siku kwa eneo: moja ya Chake, Pujini na Wesha, nyingine ya Ngezi na Vumawimbi. Kuchanganya kusini na kaskazini katika siku moja huishia njiani.

Pesa. Usafiri wa majini unaongezeka kwa kipande kimoja kila upande. Malazi ya kawaida ni nafuu kuliko ya Mji Mkongwe, lakini ni machache, na gari la kukodi huwa ndilo gharama kubwa. Watu wanne wakigawana gari, Pemba inakuwa rahisi. Mtu mmoja akilipa peke yake, inakuwa ghali kuliko Unguja.

Inamfaa mwenye siku tano au zaidi, anayependa mashamba, misitu na utulivu, na mpiga mbizi. Haimfai anayetaka burudani za usiku. Siku ya mwisho lala Mkoani au toka Chake alfajiri, maana boti ya asubuhi haikusubiri. Na usiweke ndege ya kimataifa ndani ya saa 24 baada ya kurudi kutoka Pemba.

## Safari ya tatu: mzunguko wa Tanga

Chombo na muda. Unakwenda kama safari ya pili, kisha badala ya kurudi Unguja unavuka kwenda Tanga. Kwa meli ya magari ni kama saa nne. Shida iko hapa: safari za Pemba na Tanga ni chache kwa wiki, na siku zake hubadilishwa. Kwa hiyo mzunguko hupangwa kinyumenyume. Tafuta kwanza siku ya meli ya Tanga, thibitisha kwa simu na kampuni, kisha rudi nyuma kuhesabu usiku wa Pemba na wa Unguja. Anayeanza kwa kununua tiketi ya Dar hujikuta Pemba akisubiri siku nne.

Soma tiketi imeandikwa bandari gani. Mkoani na Wete ni ncha mbili za kisiwa, na aliyesimama kwenye gati lisilo lake ana kilomita 60 za kukimbia.

Bahari. Kati ya Pemba na bara kuna kina kirefu sana, mamia ya mita, na mkondo wenye nguvu. Kwa kusi, Pemba inakinga mwanzo, na uzito huja katikati.

Faida kubwa ya mzunguko haionekani kwenye ratiba: unaweza kuchagua mwelekeo kwa kufuata upepo, kama majahazi yalivyofanya karne nyingi. Wakati wa kusi anzia Dar. Unakwenda Unguja na Pemba upepo ukiwa nyuma, unavuka Tanga, na kile kipande kigumu cha kurudi Dar unakimaliza kwa basi. Wakati wa kaskazi geuza: basi hadi Tanga, meli hadi Pemba, kisha unashuka kusini hadi Unguja na Dar upepo ukikusindikiza. Safari mbili zilizotangulia hazina nafuu hiyo, lazima mara moja uupige uso kwa uso.

Gatini na baada ya kushuka. Bandari ya Tanga iko mjini, bodaboda na bajaji zipo. Ukitoka visiwani na bidhaa mpya, hasa vifaa vya umeme, beba stakabadhi, forodha hukagua. Mabasi ya Dar huondoka stendi ya Kange. Ni kama kilomita 350, na hesabu saa sita au zaidi hadi stendi ya Mbezi, Dar. Anayekuja au kwenda Mombasa ana faida zaidi, kwani mpaka wa Horohoro uko kama kilomita 65 kutoka Tanga, na hana sababu ya kurudi Dar hata kidogo.

Cha kuona. Mji wenyewe unatembeleka kwa miguu au baiskeli. Makumbusho ya Urithi yako katika boma la Wajerumani. Mapango ya Amboni ni kilomita 8 kaskazini, vaa viatu visivyoteleza na uje na tochi yako, kwa kuwa ya kiongozi inamulika njia yake. Magofu ya Tongoni, msikiti na makaburi ya nguzo, yako kusini ya mji kwenye barabara ya Pangani. Nenda maji yakiwa yamejaa, mikoko inapendeza zaidi. Siku moja inatosha kwa haya, ya pili ni kwa Pangani au milima ya Usambara.

Pesa. Nauli jumla inakaribiana na ya safari ya pili, sababu basi ni nafuu kuliko boti mbili za kurudi. Chakula na malazi Tanga ni rahisi kuliko visiwani. Akiba iwe ya usiku mmoja au miwili ya ziada, endapo meli haikuondoka.

Inamfaa mwenye siku saba na likizo isiyobana, mzoefu wa kubeba mkoba mmoja. Mizigo mingi ni adhabu hapa, utaipakua mara nne. Kwa boti za kasi kiwango cha kawaida ni kilo 25 kwa abiria. Usikifikie.

## Kwa hali yako

Ukiwa na siku moja: Unguja, Mji Mkongwe peke yake, boti ya kwanza ya asubuhi. Ufuko uache kwa mara nyingine.

Siku tatu na watoto au wazazi wazee: Unguja. Usiku mmoja mjini, mmoja ufukweni. Tazama kalenda ya mwezi kabla ya kuchagua kati ya Nungwi na Paje.

Juni hadi Agosti, na mmoja wenu anaugua sana bahari: Unguja kwa boti ya asubuhi kwenda na kurudi, au ndege ndogo kwa upande wa kurudi. Pemba iache hadi Oktoba.

Siku tano, kundi la watu wanne, hamjali starehe: Pemba. Kwendeni kwa meli ya usiku, rudini kwa boti ya mchana, muone pwani.

Mara ya pili Zanzibar na Unguja umeijua: pita moja kwa moja. Lala Unguja usiku mmoja tu wa kuunganisha vyombo, siku zote zilizobaki zipe Pemba.

Unatoka Mombasa au Tanga: mzunguko, lakini anzia Tanga na umalizie Dar au urudi kwa Pemba, ukiangalia upepo wa msimu.

Una wiki nzima Oktoba au Novemba, na tarehe ya kurudi kazini si ya kesho yake: mzunguko. Piga simu ya meli ya Tanga leo, kabla hujaomba likizo.

Una ndege ya kwenda Muscat au Ulaya mwishoni mwa safari: Unguja au Pemba, na siku ya mwisho kabla ya ndege uwe umeshalala Dar.